Hodi ya Tatu

1

Siku Sheria ya Hodi ilipoanza kutumika, milango ya jiji la Same iliamka na adabu mpya. Milango iliyozoea kumfungukia mtu kabla hajaikaribia sasa ilisimama, ikajikohoza kidogo, ikauliza. Wazee walicheka. Vijana walikereka, maana kijana wa miaka ile hakuwahi kuombwa ruhusa na kitu chochote tangu azaliwe.

Kesho yake Nakijwa Mbonea alipanda hadi ghorofa ya baba yake katika Mnara wa Kisima akiwa na kikapu cha ndizi na furaha aliyokuwa akiificha. Sheria ilikuwa ya Bunge, lakini adabu ile ilikuwa yake. Yeye ndiye msanifu wa ridhaa, mtu wa kupanga jinsi nyumba inavyoomba ruhusa, wa Makazi Tambuzi, kampuni iliyojenga nusu ya nyumba za jiji.

"Hodi," ulisema mlango. "Mimi ni Tunza, mwangalizi wa nyumba hii. Ninaomba kukumbuka sura na sauti yako, ili nikufungulie ukija tena. Unaweza kusema karibu au hapana. Yote mawili ni sawa kwangu."

"Karibu."

"Ahsante. Wewe ni mgeni wa Mzee Mbonea. Ruhusa yako inaning'inia kwenye ruhusa yake."

Mlango ukafunguka. Nakijwa akaupigapiga begani kama mtu anayempongeza ng'ombe aliyekamuliwa vizuri.

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanaingia kwenye tovuti kwa kutazama kioo, kila tovuti ilimwachia mgeni wake vidakuzi. Vilikuwa vijikumbukumbu vidogo vinavyobaki kwenye mashine yake, vikijua alikopita, alichotazama, na alichotaka kukinunua akaghairi. Baadaye nyumba zenyewe zikawa tovuti. Sakafu ikajua uzito wako, bomba likajua umeoga lini, kitanda kikajua umelala na nani. Hakuna aliyeulizwa. Mwishowe nchi ikachoka kutazamwa na kuta zake, na sheria ikapita: chochote kinachomkumbuka mtu kibishe hodi kwanza. Kukataa kuwe kwepesi kama kukubali. Kimya kisihesabiwe kuwa ndiyo. Mtu mzima asisemewe na mwingine, hata na mwanawe. Na aliyekwisha kuulizwa asisumbuliwe tena hadi mwaka upite.

Likabaki swali moja ambalo sheria haikuligusa. Mtu asipojibu kabisa, nyumba ifanyeje? Nakijwa alilijibu kikaoni bila hata kukuna kichwa, kwa sababu jibu lake alilinyonya kwa marehemu mama yake. Unabisha hodi mara tatu. Usipoitikiwa, wenyewe hawapo. Unaondoka. Kikao kizima kikatikisa kichwa kukubali, wote wakiwa wamelelewa vivyo hivyo, na mafundi wakaandika hivyo hivyo: baada ya hodi tatu za kimya, nyumba isahau kila kitu, ifunge mlango, izime umeme na maji, ikae kama nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Walikuwa watu wenye akili sana. Na kila mmoja wao, utotoni, alikuwa amewahi kujificha uvunguni mgeni akibisha. Siku ya kikao hakuna aliyelikumbuka hilo.

2

Mzee Mbonea alikuwa ameketi karibu na dirisha, mpira mwembamba wa hewa puani, filimbi shingoni. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, na mashine ya oksijeni ilinguruma kando yake usiku na mchana. Filimbi ilikuwa ya enzi zake za kazi. Alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu maisha yake yote, na watu wa Same waliokwisha kuota mvi bado walimlaumu kwa penalti ambazo wajukuu wao hawakuzijua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeleta mshare?"

"Nimeleta." Mshare ni ndizi za nyumbani, na mzee hakula nyingine. Nakijwa akaweka kikapu chini. "Tunza ameshakubishia hodi?"

"Amebisha jana jioni. Akabisha leo asubuhi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani, baba, na wewe hutoki hapo kitini?"

Mzee akapuliza filimbi, kifupi, kama alivyofanya kila mazungumzo yalipoelekea asikotaka. Nakijwa akacheka. Alikuwa bado anacheka sauti ya nyumba ilipotoka darini, laini na yenye heshima, vile vile alivyoitaka yeye mwenyewe.

"Hodi, Mzee Mbonea. Hii ni mara ya tatu. Ninaomba kuendelea kukukumbuka. Unaweza kusema karibu au hapana."

Mzee akaweka kidole midomoni.

Nakijwa alidhani ni utani. Kisha akaona macho ya baba yake hayacheki. "Baba! Jibu! Sema chochote!"

Mzee akatikisa kichwa, kidole pale pale.

"Tunza, yumo! Baba yumo, huyu hapa!"

"Samahani," ikasema nyumba. "Simsikilizi mtu mmoja kwa niaba ya mwingine." Ikangoja. Kisha ikasema kwa upole uleule, "Naona wenyewe hawapo. Nitakwenda. Kwaherini."

Jokofu likanyamaza. Feni ikazunguka polepole hadi ikasimama. Vipazia vya chuma vya kuzuia jua na upepo vikashuka dirishani, na mlangoni makomeo yakaingia moja baada ya jingine. Gizani mashine ya oksijeni ikapiga mlio, ikahamia kwenye betri yake.

"Ameondoka?" mzee akanong'ona.

"Ameondoka."

"Vizuri." Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeshinda mchezo. "Unakumbuka Mzee Kiangi alivyokuwa akija kutusimulia ng'ombe wake, mmoja mmoja, pamoja na mababu zao? Mama yako alikuwa anatulaza wote chali sakafuni. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Mtu akaenda zake, kesho mkakutana sokoni mnasalimiana vizuri, hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima."

"Ungesema tu hapana, baba! Ukisema hapana, taa zinawaka, maji yanatoka, mlango unakuwa wa kufungua kwa mkono. Nyumba inakusahau na wewe unaishi. Ndivyo tulivyoipanga."

"Nani anamwambia mgeni hapana akiwa amesimama mlangoni?" Mzee alishangaa kweli. "Wewe umelelewa wapi?"

Nakijwa alikuwa amelelewa na yeye huyo huyo.

3

Mlango haukusikia sauti yake. Ruhusa yake ilikuwa imening'inia kwenye ruhusa ya baba, na ya baba haikuwepo tena. Simu ilitegemea mtandao wa nyumba, na nyumba ilikuwa imesafiri. Alipiga mlango kwa ngumi, kwa kiatu, kisha kwa mguu wa meza, hadi sauti ya mlinzi wa mnara, Shemndolwa, ikapenya kwa mbali.

"Nani huko?"

"Ni mimi Nakijwa, binti wa Mzee Mbonea! Tufungulie!"

"Dada, mfumo unasema humo hamna mtu."

"Sasa wewe unaongea na nani?"

"Ndiyo hapo na mimi ninashangaa."

"Mimi nilijibu hodi! Nimo kwenye kumbukumbu!"

"Nimekuona. Imeandikwa mgeni. Lakini inasema mgeni hawezi kuwemo nyumba isiyo na mwenyeji."

"Shemndolwa, ndugu yangu, baba anatumia oksijeni. Betri haitafika mbali. Ita zimamoto waje wakate mlango."

"Nimeshawapigia, dada. Hata sio nyie tu. Wazee wamenyamaza mji mzima." Alisikika akihema, alikuwa ameanza kuusukuma mlango kwa bega, mlango uliojengwa kushindana na upepo wa Same. "Na zimamoto nao wameuliza mfumo. Wanasema wakimaliza nyumba zenye watu, watakuja."

Nakijwa akateleza chini, mgongo ukiwa mlangoni. Joto lilikuwa limeanza kupanda, na jasho lilimtiririka shingoni. Aliogopa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, maana kila ukuta aliougusa aliujua, kila komeo alijua kwa nini liko pale, na hakuna hata moja lililokuwa limekosea.

Shingoni mwake alivaa ufunguo wa majaribio, kijiti cheusi ambacho kila msanifu alipewa. Ukikigusisha mlangoni na kutaja jina, mlango hupokea kana kwamba mwenye jina ndiye aliyesema. Ulitumika kwenye nyumba mpya ambazo hazijapata watu, kwa majina ya kubuni. Kuutumia kwa jina la mtu aliye hai lilikuwa kosa ambalo yeye mwenyewe aliwafundisha vijana wa kazini kuliogopa.

Alijaribu jina la kubuni kwanza. Mlango ukajibu kwa sauti ya chini ya mtu aliyeamshwa: nyumba hii ni ya Mzee Mbonea peke yake, bila yeye hakuna mgeni. Akajaribu kumsemea baba hapana. Kijiti kikawaka chekundu. Kilijua neno moja tu, karibu. Katika miezi yote ya matayarisho, hakuna mtu Makazi Tambuzi aliyewahi kufikiria kukijaribisha kusema hapana.

"Unafanya nini hapo?" mzee akauliza kutoka gizani.

Akamweleza. Hakumficha kitu.

"Usithubutu," mzee akasema.

"Baba, betri ikiisha..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi wala si mwehu. Nina akili zangu zote?"

"Unazo."

"Basi uamuzi ni wangu. Usinisemee."

"Lakini kwa nini? Tunza amekukosea nini? Ndiye aliyeniita ulipoanguka bafuni. Ndiye anayejua dawa zako."

Mzee akaurekebisha mpira puani. Pumzi yake ilikuwa imeanza kukatikakatika.

"Mwezi uliopita ulinipigia simu," akasema. "Ukaniuliza, baba, alfajiri huwa unaongea na nani? Ukacheka. Ukaniuliza kama nataka kuonana na daktari."

Nakijwa alikumbuka. Tunza ilikuwa imemletea taarifa: mwenye nyumba anazungumza peke yake kila alfajiri, kwa muda, kwa sauti ya chini. Aliisoma akiwa kwenye foleni ya chakula.

"Ninaongea na mama yako," mzee akasema. "Nikiamka namwambia, Namsifu, kumekucha. Namweleza nilivyolala. Namweleza habari zako. Miaka yote tuliyoishi hatukuwahi kuwa na chumba ambacho watoto hawatusikii, tukawa tunangoja alfajiri mmelala. Ndiyo saa yetu. Sasa ukuta unasikiliza, halafu ukuta unakwenda kukusimulia." Akavuta pumzi kwa shida. "Nilipata aibu, Nakijwa. Mzee mzima, nilipata aibu."

Nakijwa akalia. Hakulia kwa kwikwi; machozi yalitoka tu, yakachanganyika na jasho.

"Ningesema karibu, ningekuwa nimemkaribisha kati yetu wawili," mzee akamalizia. "Na hapana sikuweza kumwambia. Kwa hiyo nikanyamaza. Na wewe nyamaza."

4

Betri ilianza kulia milio mifupi, kisha mirefu. Nakijwa alimlaza baba yake sakafuni ambako palikuwa na ubaridi kidogo, akampepea kwa kifuniko cha kikapu. Nje Shemndolwa alikuwa ameleta nondo, na nondo ilikwangua chuma bila kukifanya kitu.

"Baba, nakuomba. Nakupigia magoti. Niruhusu."

Mzee akainua filimbi hadi mdomoni. Ndiyo njia yake ya kumaliza ubishi, na alitaka kuumaliza. Akapuliza. Filimbi haikulia. Ilitoka hewa tupu, na yenyewe kidogo. Akaitazama filimbi kama mtu aliyesalitiwa na rafiki, kisha mkono wake ukaanguka kifuani, na macho yakafumba.

Mashine ikanyamaza.

Hapo ndipo Nakijwa alipokuwa peke yake na uamuzi ule. Baba hakuwa na uwezo wa kumkataza tena, lakini alikuwa ameshamkataza. Alikuwa amemkataza akiwa na akili zake, kwa sababu zake, na sababu zenyewe zilikuwa za haki. Sheria aliyoipenda, sheria aliyoitetea mbele ya wakubwa waliotaka kuikwepa, ilisema wazi kwamba mtu asisemewe. Ingekuwa mzee wa mtu mwingine, angejua la kusema. Angesema heshima ya mtu haimalizikii pale anapopoteza fahamu.

Midomo ya baba yake ilikuwa inageuka rangi.

"Heri unichukie ukiwa hai," akamwambia. Akainuka, akagusisha kijiti mlangoni. "Mbonea Mrutu," akataja jina kamili la baba yake. "Karibu."

Taa zikawaka zote kwa pamoja. Feni ikazunguka. Mashine ya oksijeni ikanguruma, na Nakijwa akarudi sakafuni akaushika ule mpira puani mwa baba yake kwa mikono miwili, akimwita. Nyuma yake makomeo yakatoka moja baada ya jingine, na Shemndolwa akaingia mbio, nondo mkononi, na nyuma yake majirani wa ghorofa nzima, waliokuwa wamesimama nje wakimwomba Mungu.

Kifua cha mzee kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena. Macho yakafunguka.

"Ahsante kwa kunikaribisha, Mzee Mbonea," ikasema nyumba. Kumbukumbu zilizofutwa kwa sababu ya kimya huhifadhiwa hadi jua lizame, asije mtu akajuta, na nyumba ilikuwa imezirudisha zote. Sauti ilijaa sebule, wazi na yenye upendo. "Nimefurahi kukuona tena. Leo alfajiri ulimwambia Namsifu kwamba unaogopa kufa ukiwa peke yako. Ulilia. Je, ungependa nimwarifu binti yako?"

Majirani wakatazama chini. Shemndolwa akaiweka nondo polepole ukutani. Mzee Mbonea alimtazama binti yake, kisha kijiti cheusi mkononi mwake, kisha akageuza uso upande wa ukuta.

"Hapana," akaiambia nyumba.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia mgeni neno hilo. Tunza ikamshukuru, ikafuta kila kitu papo hapo kama sheria ilivyotaka, ikaacha taa zikiwaka. Lakini waliosikia walikuwa wameshasikia, na masikio ya watu hayana sheria ya kuyafuta.

5

Nakijwa na baba yake ni Wapare, na watani husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nakijwa alingoja kushtakiwa. Mtu pekee aliyeweza kumshtaki kwa mujibu wa sheria ni yule aliyesemewa, na afisa wa Tume ya Faragha alikwenda kwa Mzee Mbonea kumuuliza kama ana lalamiko. Mzee alimpa kiti, akampa chai, na hakusema neno. Afisa akangoja, akaaga. Kimya hakihesabiwi kuwa ndiyo.

Nakijwa angependelea kesi. Kesi ingekuwa mazungumzo. Mpare asiyekushtaki ameshakukatia tamaa, na hilo alilijua tangu mtoto.

Kazini aliwabadilishia mafundi agizo lote, nyumba ikinyamaziwa isiende popote, iache taa na mlango wa mkono, na ufunguo wa majaribio ujifunze kusema hapana. Wakubwa walimpongeza. Hakusikia raha yoyote.

Mzee alikuwa amehamia mlimani Usangi, kwenye nyumba ya zamani ya ukoo, kwa dada yake. Mlango wake ulikuwa wa mbao na komeo la mti. Mashine yake mpya ya oksijeni ilikuwa na swichi moja, kuwasha na kuzima, na haikujua jina lake. Nakijwa alipanda huko asubuhi ya ukungu, kabla watu hawajaenda mashambani, akiwa na kikapu kilekile. Alimkuta shangazi yake Nanzia njiani, jembe begani.

"Yumo ndani," shangazi akasema. Akamtazama kwa huruma. "Yumo, mwanangu. Sijui kama atakuitikia."

Nakijwa akasimama mbele ya mlango. Alisikia mashine ikinguruma, na kiti kikilia mtu anapojigeuza.

"Hodi," akasema.

Kiti kikanyamaza.

Akangoja. Ukungu ulikuwa unapita kwenye migomba. "Hodi, baba. Ni mimi."

Kimya. Alijua kabisa baba yake amekaa vipi sasa hivi, kidole midomoni, na hakuna aliyekuwemo wa kumfanyia ishara hiyo. Au labda mama alikuwemo.

Ilibaki ya tatu. Akifungua mdomo aiseme na isiitikiwe, itabidi aondoke, na hataweza kurudi leo wala kesho bila kuwa mtu asiye na adabu. Akaiacha. Akaweka kikapu kizingitini, akaketi kwenye jiwe kando ya mlango.

Baada ya muda, ndani, sauti ya chini ikaanza. "Namsifu," ikasema, "kumekucha. Nimelala vizuri kidogo. Nakijwa amekuja, yuko nje, na mimi sijui..."

Nakijwa akainuka haraka. Akaenda zake kwa kunyata, akavuka ua, akapita migomba, akafika kwenye mfereji wa maji ambako mtu hasikii kitu kingine chochote. Akaketi hapo akiutazama mlango kwa mbali. Hodi yake ya tatu alikuwa bado anayo.